Vita vya Mrima: kwa nini Songea iliombwa msamaha na Bagamoyo haikuombwa

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea, akakutana na ukoo wa Chifu Songea Mbano, na akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea watu wa huko wakati wa Vita vya Maji Maji. Lilikuwa jambo jema, na lilichelewa mno. Watu wa Songea walistahili kulisikia.

Lakini miaka 17 kabla ya Maji Maji, mizinga ya Wajerumani ilikuwa imekwisha kulia katika pwani ya Mrima, kuanzia Tanga na Pangani, kupitia Saadani na Bagamoyo, hadi Kilwa. Miji ilichomwa. Watu walinyongwa hadharani. Jeshi la kwanza ambalo serikali ya Ujerumani ililigharimia katika nchi hii liliundwa kwa ajili ya vita hivyo. Bagamoyo iko kilomita 70 hivi kutoka Dar es Salaam, alikofikia mgeni huyo, na ndiyo iliyokuwa makao makuu ya Wajerumani mpaka 1891. Mimi ni mtu wa pwani, na msamaha ule uliniachia swali ambalo simwelekezei Mjerumani. Naamini alikwenda kule ambako sisi wenyewe tumekuwa tukiwaelekeza wageni kwa miaka sitini. Taifa lilichagua vita vyake vya kukumbuka, na katika kuchagua, vita vya Mrima vilikosa mwenyewe.

Kisa ninachokichambua kinaonekana kwa macho pale Bagamoyo, upande wa ufukweni. Yapo makaburi takriban ishirini ya Wajerumani waliokufa katika vita hivyo na katika miaka michache iliyofuata. Yanatunzwa, na marehemu wana majina. Si mbali na hapo pana mahali pa kunyongea. Kibao cha pale kinaeleza kwamba wakoloni wa Kijerumani waliwanyonga hapo Waafrika wanamapinduzi waliopinga utawala wao wa mabavu. Ni lugha ya enzi za Ujamaa, na ujumbe wake ni wa kweli. Ila waliozikwa wakiwa maaskari wa mvamizi tunawajua mmoja mmoja, na walionyongwa wakilinda mji wao tunawajua kwa mkupuo. Msomaji wa kibao kile haondoki na jina la mtu, wala mtaa, wala jina la vita.

Vita vyenyewe

Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikodisha pwani ya Mrima kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iitawale na kukusanya ushuru kwa jina lake. Kampuni ilianza kazi katikati ya Agosti. Pangani mwakilishi wake alikuwa Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimpa jina la Nyundo. Alitaka bendera ya kampuni ipandishwe kwenye nyumba ya liwali. Liwali alipokataa, manowari ilishusha wanamaji, mlingoti wa liwali ukakatwa, na Wajerumani wakaingia msikitini na mbwa wao, tena katika siku za Idi ya Mfungo Tatu. Mtu asiyeijua pwani anaweza kudhani hilo ni jambo dogo lililokuzwa. Kwa watu wa Pangani lilikuwa tangazo kwamba mtawala mpya haoni cha kuheshimu.

Juu ya matusi yakaja mambo ya riziki. Kanuni za kampuni zilitaka kila mwenye shamba aliandikishe na aonyeshe hati. Ardhi isiyoandikishwa katika muda uliowekwa ingehesabiwa haina mwenyewe, na isiyo na mwenyewe ingekuwa ya kampuni. Katika nchi ambayo mipaka ya shamba ilijulikana kwa mti, mto na ushahidi wa wazee, amri hiyo ilimnyang'anya kila mtu. Majumbe waliokuwa wakipata haki zao kutoka kwa misafara ya bara tangu enzi za babu zao wakajikuta mikono mitupu.

Waliosimama hawakuwa watu wa namna moja, na hapa ningependa msomaji atulie kidogo, maana ndipo kiini cha kisa kilipo. Septemba watu wa vijiji vya nyuma ya Pangani, Wazigua na Wabondei wakiwemo, walimiminika mjini na silaha, wakamzuia Zelewski ndani ya nyumba. Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa jemadari wa jeshi la Sultani, alikuja kumtoa, kisha yeye mwenyewe akalazimika kuondoka. Katika umati ule walikuwemo wapagazi na watumwa, na hasira yao iliwagusa hata waungwana wa mji waliokuwa wakisitasita. Abushiri bin Salim al-Harthi alishika uongozi moto ukiwa umekwisha kuwaka. Baba yake alikuwa wa ukoo wa Kiarabu wa Harthi, uliovutana na masultani wa Busaidi kwa miaka mingi, na mama yake alikuwa Mgala, yaani Mworomo. Alikuwa na mashamba ya miwa karibu na Pangani, na waliolima mashamba hayo walikuwa watumwa. Saadani aliongoza Bwana Heri bin Juma, mtawala aliyetegemea Wazigua na ambaye kwa muda mrefu hakumhesabu Sultani kuwa bwana wake. Tanga manowari ilirusha mizinga mwezi huo huo wa Septemba. Kilwa watumishi wawili wa kampuni waliuawa.

Bagamoyo ilipata pigo kubwa Desemba 1888. Abushiri aliushambulia mji, manowari zikajibu, na sehemu kubwa ya mji ikateketea. Maelfu ya watu walikimbilia misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyokuwapo tangu 1868. Abushiri hakuigusa misheni ile. Mkuu wake, Padri Etienne Baur, akawa mtu wa kati, na kwa njia yake walikombolewa wamisionari waliotekwa Pugu Januari 1889. Mwaka 1888 watu wa Abushiri waliwakamata pia wasafiri wawili waliokuwa wakirudi kutoka Usambara, Hans Meyer na Oscar Baumann, wakawatia minyororo mpaka ilipolipwa fidia ya rupia. Mwaka uliofuata Meyer alifika kilele cha Kilimanjaro, na kwa hilo kila mwanafunzi wa Tanzania anamjua.

Kilichofuata kilikwenda haraka. Hermann von Wissmann, kamanda aliyetumwa na serikali ya Ujerumani, alikuja na Wasudani karibu 600 walioandikishwa Misri, na wengine zaidi ya 300 kutoka Msumbiji. Tarehe 8 Mei 1889 aliivunja boma ya Abushiri nje ya Bagamoyo. Julai akazitwaa Pangani na Tanga. Abushiri alikwenda bara hadi Mpwapwa, akarudi na Wambunga, akashindwa tena Oktoba kule Yombo. Desemba alikamatwa kwa msaada wa jumbe mmoja wa nyuma ya Pangani, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri aliendelea kupigana na akasalimu Aprili 1890. Kilwa ilitwaliwa mwezi uliofuata.

Vita vya watu wengi vinapewa mtu mmoja

Kwa nini basi tunaviita vita vya Abushiri? Jibu liko Berlin. Kansela wa Ujerumani, Otto von Bismarck, hakutaka kumwaga fedha za serikali kuokoa kampuni ya wafanyabiashara iliyojiharibia yenyewe, na bunge lake lisingekubali kwa hoja hiyo. Lakini mwaka ule ule Kadinali Lavigerie alikuwa akizunguka Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa Afrika, na wabunge Wakatoliki wa Ujerumani walikuwa wanamsikiliza. Uasi wa Mrima ulivishwa nguo hiyo. Tarehe 30 Januari 1889 bunge liliidhinisha marki milioni 2 kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Ujerumani Afrika Mashariki. Ili hoja isimame alihitajika adui wa kufaa: Mwarabu mwuza watumwa, akiwa amewashika wenyeji wasio na neno. Wajerumani wakauita uasi wa Waarabu. Mzigua aliyekuja na gobori lake, Mbondei, Mshirazi, mpagazi, mtumwa, wote wakawa kivuli cha Abushiri.

Ukitaka kupima ukweli wa hoja hiyo, tazama walichofanya baada ya kushinda. Utawala wa Kijerumani haukuufuta utumwa pwani hata siku moja. Uliweka taratibu za kujikomboa, na ukaamua kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru, basi. Zanzibar utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897. Tanganyika ulisubiri mpaka 1922, chini ya Mwingereza. Vita vilivyopiganwa kwa jina la watumwa viliwaacha watumwa wa Bagamoyo na Pangani mashambani kwa bwana wao, kwa miaka 30 na zaidi.

Pwani yenyewe ilikuwa na simulizi yake. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mwanazuoni wa upande wa Tanga, alitunga utenzi juu ya vita hivyo vikiwa bado vibichi, na humo wanaopambana ni Wadachi, yaani Wajerumani, na nchi ya Mrima. Vita ni vya nchi, na jina lake limeandikwa na mwaka wa hijiria, 1307. Utenzi ulichapishwa 1955. Tangu hapo hakuna mwandishi wa vitabu vya shule anayeweza kusema kwamba wenyeji hawakuacha maneno yao.

Juu ya Waingereza sina mengi. Waliiondoa Dar es Salaam sanamu ya Wissmann, iliyosimamishwa 1909, na mwaka 1927 wakaweka Sanamu ya Askari kwa heshima ya waliotumika katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Askari na wapagazi wa vita ile walistahili kumbukumbu. Ila vita vya kuingiliwa nchi havikuwa na kazi kwa mtawala ambaye naye alikuwa ameingia, na Bagamoyo ilibaki mji wa kando.

Uhuru unachagua

Desemba 1956 Julius Nyerere alizungumza Umoja wa Mataifa kwa niaba ya TANU. Katika hotuba hiyo alieleza jinsi watu wake walivyopigana na Wajerumani kwa miaka 15 ya mwanzo, kwa mishale, mikuki, marungu na magobori yenye kutu, kisha akaitaja kwa jina Maji Maji ya 1905 kuwa jaribio la mwisho. Aliviweka vita vyote vya kabla katika fungu moja, na Maji Maji akaipa jina. Simlaumu. Alikuwa na dakika chache mbele ya mataifa, na alihitaji kuonyesha watu wa makabila mengi waliosimama pamoja, wakashindwa kwa silaha, na ambao watoto wao sasa wanadai haki yao kwa amani. Maji Maji inafaa kwa hilo kuliko vita vyovyote. Iliwaunganisha watu wa kusini ambao hawakuwa na mfalme mmoja, na gharama yake inatisha: makadirio ya waliokufa, wengi kwa njaa, yanaanzia 75,000 na kufika 300,000.

Baada ya uhuru kile kilichokuwa hoja ya hotuba kikawa mpango wa taifa. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kukusanya simulizi za Maji Maji. Wazee walioiona walikuwa bado wapo. Wazee wa 1888 walikuwa wamekwisha kwenda, na hii ni bahati mbaya ya kalenda ambayo haina wa kulaumiwa. Songea ikapata makumbusho yake, na kila Februari wanakumbukwa wale mashujaa walionyongwa pale tarehe 27 Februari 1906.

Kuna sababu nyingine ambayo si ya kalenda, nayo haisemwi sana. Januari 1964 Zanzibar ilipinduliwa, na Aprili tukaungana. Katika siasa ya miaka iliyofuata, Mwarabu wa historia alikuwa na sura moja tu: sultani, mwinyi, mwenye watumwa. Shujaa aitwaye al-Harthi hakuwa na mahali pa kuketi katika picha hiyo. Haikusaidia kwamba ukoo wake ulipingana na masultani, wala kwamba vita vilianza kwa kumkataa Sultani aliyeikodisha nchi. Na kwa kuwa vita vyote vilikuwa vimeandikwa kwa jina la Abushiri, alipowekwa pembeni yeye, waliwekwa pembeni na wote waliopigana. Tulikipokea kitabu cha Bismarck tukabadilisha jalada. Yeye alisema ni vita vya Mwarabu ili avishinde, sisi tukakubali ni vya Mwarabu ndiyo maana tusivikumbuke.

Sababu ya tatu inaumiza zaidi kwa mtu wa pwani. Wajerumani walipokwisha kuitwaa Mrima, waliwaajiri watu wa Mrima. Maliwali na maakida waliotumwa bara kusimamia kodi na kilimo cha pamba cha lazima walikuwa wengi wao watu wa pwani, wanaovaa kanzu na wanaojua kuandika. Umatumbi ilipolipuka 1905, akida alikuwa miongoni mwa maadui wa kwanza. Kwa mkulima wa kusini, uso wa Mjerumani ulikuwa uso wa mtu wa pwani. Kumbukumbu hiyo ni halali kabisa, na iliingia katika historia ya taifa pamoja na Maji Maji. Haikumwambia mtu kwamba miaka 15 nyuma mji alikotoka akida yule ulikuwa umepigwa mizinga. Kushindwa kwa pwani ndiko kulikozaa akida, lakini tunamsimulia akida, na kushindwa huko hatukusimulii.

Nisiwaonee walimu na waandishi. Vita hivi havikufichwa. Mwanafunzi wa sekondari humkuta Abushiri na Bwana Heri katika mada ya upinzani dhidi ya ukoloni. Tatizo ni namna anavyowakuta: mistari michache, na katika sababu za vita, juu kabisa, hofu ya wafanyabiashara wa Kiarabu kupoteza biashara ya pembe na watumwa. Sababu hiyo ilikuwepo, ila kwa Abushiri na wenzake wachache. Mzigua wa Saadani hakuwa na jahazi la watumwa la kulinda. Alikuwa na shamba ambalo kesho yake lingeitwa halina mwenyewe. Mwaka 2021 somo la Historia ya Tanzania lilianza kufundishwa kwa Kiswahili kwa agizo la Rais Magufuli, na sasa limekuwa Historia ya Tanzania na Maadili. Lilikuja kwa nia ya kumfanya mtoto aijue nchi yake. Hapo ndipo pa kusahihisha, na gharama yake ni kurasa mbili tatu.

Tazama jinsi uchaguzi huu unavyofanya kazi hata kwa mtu yule yule. Zelewski, Nyundo wa Pangani, aliuawa tarehe 17 Agosti 1891 na majeshi ya Mkwawa kule Lugalo. Lugalo leo ni jina la kambi ya jeshi na hospitali ya jeshi Dar es Salaam, na ni haki yake. Mkwawa ana fuvu lililorudishwa Kalenga mwaka 1954 na Gavana Twining, wakati Mwingereza alipokuwa akitafuta utii wa Wahehe huku Kenya ikiwaka moto wa Mau Mau. Kwa hiyo taifa linajua Zelewski alikufa wapi. Alichokifanya Pangani miaka mitatu kabla, kilichowasha pwani nzima, kimeachwa kwa wanaopenda kusoma.

Hata Siku ya Mashujaa, Julai 25, ina lugha yake. Huwekwa mkuki na ngao, upinde na mshale, sime. Ni silaha za heshima na zinawawakilisha wengi. Lakini mpiganaji wa Mrima alikuwa na gobori, pengine amevaa kanzu, pengine anajua kusoma Kurani, na pengine babu yake alitoka ng'ambo. Picha yetu ya shujaa aliyepinga ukoloni haijamfikia mtu huyo.

Mji wa watumwa, mji wa vita

Tangu miaka ya tisini Bagamoyo imepata kazi mpya katika kumbukumbu ya taifa. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia huko UNESCO, Bagamoyo ikiwa mwisho wa njia hiyo kwa upande wa pwani. Ni sahihi tuwakumbuke waliotembezwa kwa minyororo. Lakini Bagamoyo ilijengwa kwa kiasi kikubwa na pembe za ndovu na mabega ya wapagazi huru, Wanyamwezi na Wasukuma, maelfu kwa maelfu kila mwaka, walioshuka kwa hiari yao na kurudi na nguo na bidhaa. Mgeni akiambiwa habari ya watumwa peke yake, kisha akaonyeshwa makaburi ya Wajerumani, ataunganisha mwenyewe: hawa ndio waliokuja kuukomesha utumwa. Hakuna mtu atakayemdanganya. Mpangilio wa maeneo utamdanganya.

Na mji huu una ushahidi wake juu ya utumwa na heshima. Sheikh Yahya Ramiya aliletwa Bagamoyo mtoto kutoka Manyema akiwa mtumwa, katika nyumba ya liwali Amir bin Sulaiman al-Lamki. Akasoma, akafanya biashara, akawa khalifa wa tarika ya Qadiriya ambaye watu wa bara na pwani walimjia kwa maelfu, na mpaka leo ziara yake hufanywa kila mwaka. Alikuwa kijana mtu mzima vita vilipopiganwa. Mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, alikuwa nguzo ya TANU Bagamoyo. Mji wenye historia kama hiyo hauwezi kugawanywa kwa mstari mmoja, Waarabu huku na Waafrika kule, kama alivyotaka Bismarck na kama tulivyoendelea kukubali.

Ujerumani nayo imebadilisha kumbukumbu yake kadiri siasa yake ilivyobadilika. Sanamu ile ya Wissmann iliyoondolewa Dar es Salaam ilisimamishwa Hamburg, mbele ya chuo kikuu, mwaka 1922. Wanafunzi waliiangusha 1967, ikarudishwa, wakaiangusha tena 1968. Mwaka 2021 mtaa wa Berlin uliokuwa na jina lake, katika eneo la Neukölln, ulipewa jina la Lucy Lameck, mwanasiasa wetu kutoka Kilimanjaro. Nimelifurahia hilo kwa moyo wote. Wakati huo huo inabidi niseme kwamba Berlin imekwisha kumhukumu aliyeivunja Bagamoyo, kabla Bagamoyo haijasema kwa maandishi alichowafanyia watu wake.

Wako watakaoniambia kwamba Abushiri alikuwa na watumwa, na kwamba kumpa sanamu ni kuwatukana waliomlimia miwa. Nakubaliana nao. Siombi sanamu ya Abushiri. Kumfanya yeye kuwa vita nzima ndiko kulikotufikisha hapa, na kumpandisha jukwaani peke yake kungekuwa kurudia kosa lile lile kwa sifa badala ya lawama. Ninachoomba ni vita virudishwe kwa watu waliovipigana, pamoja na migawanyiko yao: jumbe aliyemtoa Abushiri, mtumwa aliyepigana, mtumwa aliyetoroka, mwenye shamba aliyemiliki watu na bado akawa na haki ya kutonyang'anywa nchi yake. Maji Maji nayo ilikuwa na machifu waliokaa upande wa Wajerumani, na haikupungukiwa heshima kwa sababu hiyo.

Kazi inayoweza kuanza bila kumsubiri rais wa nchi yoyote ni kibao cha mahali pa kunyongea. Kiandikwe upya kwa Kiswahili kwanza. Kiseme kwamba kati ya Agosti 1888 na Mei 1890 watu wa Mrima, Wazigua, Wabondei, Washirazi, Waarabu, watu wa bara, waungwana na watumwa, walipigana na kampuni na kisha na dola ya Kijerumani kwa ajili ya ardhi, ushuru na heshima yao. Kiseme kwamba baadhi yao walikuwa na watumwa, na kwamba serikali iliyowashinda haikuufuta utumwa. Kiwekwe kingine kwenye makaburi ya Wajerumani, ili msomaji ajue waliolala pale walikufa wakipigana na nani. Kisha yatafutwe majina. Mapadri wa misheni waliandika shajara yao siku kwa siku katika miezi ile, na hati za boma za Wajerumani zipo katika Nyaraka za Taifa Dar es Salaam na kule Berlin. Koo za majumbe bado ziko Bagamoyo, Pangani na Saadani, na hizo ndizo za kuulizwa kabla ya wote.